Kigoma hadi Dar na IST, ndani kuna bibi na watoto: nipite Tabora au nizunguke Kasulu?

Mtu wa Bangwe

Wakuu salaam. Wakubwa shikamooni.

Mdogo wangu wa kike anaolewa Dar mwishoni mwa Desemba, na safari hii nimesema naenda na usafiri wangu. Gari ni Toyota IST ya cc 1300. Kwa hapa mjini haina shida: Mwanga, Ujiji, Kibirizi, mara mojamoja Kasulu. Tutakuwa mimi, mke wangu, watoto wawili (miaka 8 na 4) na mama mzazi, ambaye kavuka 70 na anatumia dawa za presha. Mke wangu leseni anayo ila hajawahi kuendesha nje ya mji.

Hesabu zangu ni hizi: natoka saa tisa usiku, Uvinza, Kaliua, Urambo, Tabora, Itigi, Manyoni, nalala Dodoma. Kesho yake Dar. Shemeji yangu wa Kasulu anasema huko ni pori tupu, nizunguke Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida. Mama naye ana lake. Hataki kwenda Dar bila kumwona dada yake anayekaa Ipuli, Tabora, na anajua fika kwamba njia ya Singida haipiti Ipuli.

Naombeni ushauri kwa mliopita. Njia ipi, siku ngapi, gari nikague nini. Wa "panda basi" na "panda treni" nawaheshimu, ila piteni kimyakimya.

Jiwe la Shelui

Panda treni.

Roli Kumi na Nane

Mkuu, achana na huyo hapo juu.

Shemeji yako anakumbuka barabara ya zamani. Kati ya Itigi na Tabora kulikuwa na kipande cha Chaya hadi Nyahua, kilomita 85, ambacho masika kilikuwa kinalaza watu porini. Sasa ni lami. Kule kwenu Malagarasi lipo Daraja la Kikwete, habari ya mto kukufungia njia imekwisha. Kipande cha kuulizia ni kimoja, Malagarasi hadi Uvinza, kilomita 51, kwa sababu ndicho kilichochelewa kuliko vyote kupata lami upande wenu. Na usiulizie humu. Nenda stendi ya Masanga jioni mabasi yanapoingia, mshike dereva au konda umuulize "leo mmepitaje pale?" Uliza siku moja kabla ya safari. Jibu la wiki iliyopita kwa Desemba ni hadithi tu, mvua ya usiku mmoja inaweza kugeuza mchepuko ukawa shamba la mpunga.

Njia ya Kasulu inapitika, sikatai, ila unazunguka sana bila sababu. Na cha ajabu, zamani ni hiyo njia yake ndiyo iliyoogopwa, mabasi ya Kibondo na Kakonko yakisindikizwa na polisi wenye bunduki.

Sasa hilo la saa tisa usiku lifute kabisa. Porini usiku roli likikata ekseli linabaki palepale barabarani. Pembetatu mara nyingi hakuna, utingo anakata matawi mabichi anayapanga kwenye lami. Kwa hiyo ukiona matawi mawili matatu yamelazwa njiani, mbele kuna chuma kimesimama bila taa, punguza mwendo hapohapo. Tatizo la IST ni taa zake ziko chini na ukikutana na basi linakumwagia zote. Sekunde kadhaa huoni kitu, na ndani ya hizo sekunde ndimo anamotokea baiskeli ya mkaa isiyo na hata kiakisi. Ng'ombe nao wakishatoka malishoni jioni hawana haraka na mtu. Toka kumi na mbili asubuhi, ukione unachokanyaga.

Na ukiwa nyuma yetu: dereva wa roli akikuwashia indiketa ya kulia, usipite, kuna kitu mbele. Ya kushoto anakuruhusu. Lakini hata akikuruhusu angalia mwenyewe, wapo wanaowasha kwa sababu wamekuchoka kwenye kioo.

Mwendo Kasi 26

Mnatisha watu bure. Mimi Kigoma Dar naunga siku moja, natoka alfajiri usiku niko Mbezi naoga. Barabara nyeupe, unakanyaga tu.

Roli Kumi na Nane

@Mwendo Kasi 26 uko peke yako kwenye gari na roho ni yako. Huyu kabeba mama yake. Ni kama kilomita 1,250. Kila kijiji kuna kibao cha 50, na kila kibao cha 50 kuna trafiki na tochi yake ya kupima mwendo nyuma ya mwembe. Unalipa elfu thelathini, unatembea kidogo, picha yako imeshatangulia kituo kinachofuata. Kwa mwendo halali hiyo safari haiishi siku moja, labda uwe unaendesha kwenye simu.

Fundi wa Gereji Bubu

Kaka, kabla ya injini nijibu kitu kimoja. Washa tochi ya simu, piga magoti, soma ubavuni mwa kila tairi. Tafuta namba nne zilizozungushiwa kiduara kirefu, mbele yake kuna herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine zipo upande wa ndani, ingia chini. Soma na spea. Lete majibu.

Mtu wa Bangwe

Nimetoka huko sasa hivi, magoti yote vumbi. Mbele zote mbili 2422. Nyuma zote mbili 0815. Spea haisomeki, imepauka.

Ila hizo za nyuma kashata (meno ya tairi) zake bado nzima kabisa, hazijaisha hata nusu.

Fundi wa Gereji Bubu

Hizo za nyuma zimezaliwa kabla ya mwanao mkubwa. Usiangalie kashata. Mpira unazeeka hata ukiwa umesimama, unakuwa mgumu, unapata nyufa ndogondogo ubavuni. Mjini kwa mwendo wa 40 utaitumia mpaka uichoke. Ukiipakia watu watano na mizigo, lami ina moto wa saa nane mchana kati ya Nyahua na Chaya, mwendo 100, hapo ndipo inapasuka. Na ikipasuka ya nyuma, gari inakuyumbisha mkia na kwa dereva asiyezoea ni mbaya kuliko ya mbele. Nunua mbili mpya, mpya ya dukani, usinunue mtumba hata wakikuapia. Mpya zifunge nyuma, za 2422 zibaki mbele. Kati ya hizo kuukuu iliyo nafuu iwe spea ya kukufikisha kwa fundi, si ya kumalizia safari.

Mengine kwa haraka. Fungua rejeta asubuhi gari ikiwa baridi: ukikuta maji ya rangi ya kutu, ina maana watu wamekuwa wakijaza maji ya bomba. Yamwagwe, isafishwe, iwekwe kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Mipira ya rejeta ibonyeze kwa vidole, ikilia kama biskuti badilisha. Fani ihakikishe inawaka yenyewe. Mkanda, breki pedi, bushi za mbele, shokapu za nyuma. Oili ubadilishe wiki moja kabla, usibadilishe siku ya safari, ili kama fundi hakukaza nati uvujaji uuone ukiwa bado Mwanga.

Usiweke keria juu. Najua mtataka kupeleka mawese na dagaa za harusi, lakini hiyo ni cc 1300 na mko watano. Madumu yatangulize na basi.

Mama Wawili wa Urambo

Mdogo wangu, wanaume wameongea matairi, acha niongee watu.

Mama mwenye presha asikae saa tano miguu imening'inia. Kila baada ya saa mbili simama, ashuke, atembee hata hatua hamsini. Miguu ikivimba mwanzoni mwa safari, harusini atahudhuria amekaa. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wake, si kwenye buti chini ya mabegi, na beba za siku za ziada. Mkalishe mbele, mke wako akae nyuma katikati ya watoto. Mwambie pia asijinyime maji kwa kuogopa kukojoa njiani. Mama zetu wanafanya sana hivyo na hawasemi. Kanga mbili na mlango wa gari ukiwa wazi ni choo cha heshima kabisa.

Huyo wa miaka minne atatapika. Mifuko ya rambo imekatazwa tangu 2019, kwa hiyo usitegemee kuiokota dukani. Beba kindoo kidogo chenye mfuniko. Asubuhi mpe chai ya rangi na mkate mkavu, maziwa na mayai mtakula Tabora.

Halafu mbung'o. Ukishaacha Uvinza kuja huku Kaliua, kwenye msitu wa miyombo, usifungue vioo eti kwa kuwa AC inakula mafuta. Wanafuata kitu kinachotembea, wanafuata rangi nyeusi na bluu. Waume zetu huwa wanabisha mpaka akiingia mmoja, basi unaona gari inayumba baba anapiga kiti kwa kandambili. Nguo za watoto ziwe nyeupenyeupe au za kaki, mikono mirefu. Ukisimama kwa haja, simama kijijini, usisimame msituni.

Asali Mbichi

Mwangaluka! Mimi niko Tabora mjini. Ndugu, bi mkubwa ndiye mwenye mpango mzuri kuliko wako. Toka Kigoma kumi na mbili, hata ukienda taratibu na kusimama kama dada hapo juu alivyosema, jua halijazama uko Ipuli. Mnalala kwa mama mkubwa, gari inapumzika ndani ya ua, mnakula ugali wa kuku wa kienyeji, na Desemba ni msimu wa embe, watoto watasahau kama kuna Dar.

Mkifika mapema wapeleke watoto Kwihara, ni nje kidogo tu ya mji, waone tembe alilokaa Livingstone. Hao watoto wa Kigoma wameshapelekwa Ujiji na shule, basi wamalizie hadithi. Livingstone na Stanley walitoka Ujiji Desemba 1871, mwezi huohuo unaosafiri wewe, wakafika Kwihara Februari 1872. Wewe unahangaikia siku mbili.

Asali usinunue mnapokwenda. Nunua mkirudi, na mwachie mama mkubwa akutafutie, ya Sikonge au ya hapohapo Urambo. Za kwenye chupa za maji kando ya barabara nyingine ni sukari iliyochemshwa.

Mafuta jaza Tabora mpaka juu kabla ya kulala, usisubiri Itigi. Katikati hapo vituo ni vya kuhesabu.

Jiwe la Shelui

Haya nitaongea la maana, mimi si mtu mbaya. Kwa nini uendeshe mpaka Dar? Dodoma hadi Dar kuna treni ya SGR tangu 2024. Acha gari Dodoma kwa ndugu unayemwamini, mama na watoto wakae kwenye siti zao watembee, wewe ulale. Unakwepa Morogoro, unakwepa foleni ya Kibaha hadi Kimara, ambayo ndiyo inayowaua madereva wa mkoani kwa uchovu wakati wanadhani wamefika. Ila kata tiketi mapema, Desemba watu wote wanasafiri.

Nilisema panda treni, mkanicheka.

Mwendo Kasi 26

Harusini Dar bila gari? Ukweni wataona vipi?

Mama Wawili wa Urambo

Ukweni ni kwa bibi harusi, yeye ni kaka mtu. Atapanda bajaji na suti yake.

Mtu wa Bangwe

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote, na mama nimemsomea, amecheka hasa hapo pa kanga.

Nilivyoamua: matairi mawili mapya wiki hii, na rejeta Jumamosi. Mizigo inatangulia na basi. Tunatoka kumi na mbili asubuhi, siku ya kwanza Tabora kwa mama mkubwa. Siku ya pili Dodoma, kaka yangu anakaa Area C, ana geti. Gari linabaki kwake, siku ya tatu treni. Mama anasema tulale Tabora siku mbili, hilo bado tunajadiliana.

Swali la mwisho. Mke wangu anataka anipokee usukani kidogo, anasema asiwe mzigo. Nimpe kipande gani?

Roli Kumi na Nane

Mpe baada ya kuiacha Tabora asubuhi, kuelekea Nyahua. Barabara imenyooka, magari machache, jua bado halijawa kali na wote mmelala vizuri. Nusu saa tu mara ya kwanza, mwendo 70, usimkemee. Akikutana na basi, kazi yake ni kubaki kushoto na kutazama ukingo wa barabara upande wake, asitazame basi. Ikifika Itigi chukua mwenyewe, kuanzia Manyoni maroli tunakuwa wengi.

Na wiki hii kabla hamjaondoka, atoe gari yeye mpaka Kidahwe na kurudi, wewe ukiwa umekaa pembeni umenyamaza.

Fundi wa Gereji Bubu

Na kabla ya Kidahwe, mfundishe kubadilisha tairi uani kwenu. Jeki ya IST ni fupi, beba kipande cha ubao cha kuiwekea chini, kwenye udongo inazama.