Bodaboda na mizigo: keria, shogi, tela, au tuwaachie guta na kirikuu?

MzeeWaMikungu
Wakuu salaam. Kila kona sasa hivi kuna mtu anasema bodaboda wapigwe marufuku mizigo, wabaki na abiria, mzigo ubebwe na guta la tairi tatu na kigari cha kirikuu. Mimi nasema hapana na nataka tubishane kwa hoja. Nachukua ndizi soko la Mabibo napeleka magenge ya Kimara mpaka Kibamba. Kirikuu kwa mikungu minne mitano anataka hela inayokula faida yote, guta ananiambia subiri lijae, likija kujaa jua limeshawaka na mteja kashanunua kwa mwingine. Ila nakubali, hivi ninavyobeba sasa, mkungu umelala kwenye siti umekazwa na mipira ya tyubu, sio salama. Kwa mtu wa mtaji mdogo njia nazozijua ni keria ya kuchomelea, tela la kuvuta, au kujibana ukanunua guta la injini. Aliyetumia aseme, na bei aseme.

Fundi Bomba
Keria mkuu, hapo hamna ubishi. Mimi natengeneza kwa 80,000, ukija na bomba zako inashuka. Tatizo ni watu wanavyozifunga. Ile keria ya kiwandani imeshikwa na bolti mkiani mwa fremu, imetengenezwa kwa kibegi, sasa mtu anaenda kuongezea vyuma juu yake kuelekea nyuma kisha anapandisha gunia, mkia wa fremu ukikatika anasema pikipiki mbovu. Keria ya mzigo lazima iwe na miguu inayoshuka mpaka kwenye bolti za shokapu na za pedeli za abiria, na ifungwe kwa bolti, usichomelee kwenye fremu yenyewe maana ule moto unaharibu bomba. Na fundi akikuchomelea chombo kikiwa na betri imeunganishwa mkimbie, utaunguza CDI, kile kiboksi cha umeme wa plagi. La mwisho, simama pembeni ya pikipiki uangalie nati ya ekseli ya nyuma, uzito wa mzigo usivuke hapo kwenda nyuma. Ukivuka, tairi la mbele linakuwa jepesi, unakata kona hendo inaelea mikononi.
Mabosi wengi wanakataa keria kwa ushamba tu, wanadhani keria ndio inachakaza chombo.

Baba Junior wa Kinyerezi
Ushamba umekuwa wangu? Nina pikipiki tano mtaani, zote mkataba, dereva ananiletea hesabu ya kila siku, na nimeandika kabisa hakuna keria ya kuchomelea, nikiikuta nachukua funguo. Wewe fundi unapokea 80,000 yako unalala, mimi ndio naletewa chombo spoku zimekatika, shokapu zinamwaga oili, pleti za klachi zimeisha kabla hata ya miezi sita. Vijana hawana uchungu kwa sababu chombo si chao, wanajua kikifa watahamia kwa bosi mwingine.

Kibajaji
Hatuna uchungu?? Bosi hilo neno ulifute. Chombo si changu lakini mgongo ni wangu na kiuno ni changu. Hesabu ya bosi ni 10,000 kwa siku, toa Jumapili, siku 313, mwaka mmoja umeshapokea 3,130,000, na mikataba mingine inapita mwaka. Hiyo hela unadhani inatoka kwa abiria wa buku buku? Abiria wa mchana hakuna, hesabu inatimia asubuhi kwenye mizigo ya sokoni. Unataka hesabu kamili saa mbili usiku lakini mzigo hutaki, sasa nikuletee nini, majani?

Baba Junior wa Kinyerezi
Kijana wangu punguza jazba. Hakuna aliyekulazimisha kusaini.

Kibajaji
Njaa ilinilazimisha.

Mwalimu Tairi
Turudi kwenye mada kidogo maana hapa watu wanagombana bila namba. Nenda kasome ubavuni mwa tairi lako la nyuma. Pikipiki za Boxer na TVS HLX nyingi zina saizi ya 3.00-17, na pembeni utakuta 50P. Ile 50 sio mapambo, kwenye jedwali la matairi ni kilo 190, na hizo ni kilo zote zinazokalia tairi hilo likiwa na upepo wake kamili, sio za mzigo peke yake. Pikipiki yenyewe ni kama kilo 120, zaidi ya nusu iko nyuma, na dereva naye sehemu kubwa ya uzito wake inaenda nyuma. Ukitoa hivyo vyote unabaki na kilo 70 mpaka 80 za mzigo. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko miwili tu tayari umepitiliza. Na hapo upepo wako uwe sawa, watu wengi wanaendesha tairi limelegea eti lisirushe kwenye mashimo.

Chanika One
Mwalimu hayo ya kwenye jedwali yaache hukohuko, sisi tunabeba saruji mitatu kutoka barabara kubwa mpaka saiti kila siku na tairi lipo.

Mwalimu Tairi
Lipo mpaka siku litakapopasuka ukiwa spidi. Sijasema haliwezi kubeba leo, nasema limetengenezewa nini.

Dada Tunu wa Tandika
Mimi nina genge na nasoma hapa nasikitika. Tenga langu la nyanya linatoka Ilala alfajiri kwa boda, saa kumi na mbili limefika, naanza kuuza watu wakiwa wanaenda kazini. Kwa guta ningelipata saa tatu zimeshapondeka maana zinapangwa chini ya viazi vya watu. Mkipiga marufuku boda nyanya zitapanda bei, na watakaolia ni hao hao wanaoshangilia marufuku.

Mtu wa Haki
Dada samahani lakini wenye mizigo nyinyi ndio mnawamaliza hawa vijana. Mnajua kabisa mzigo umezidi, mnampa 3,000, mnamwambia nifungie na hii hapa juu. Akianguka mnauliza nyanya zimepona?

Dada Tunu wa Tandika
Usinivishe roho isiyo yangu. Kijana anayenibebea namjua kwao, mke wake akijifungua mimi nilipeleka uji. Tenga ni moja, liko kati, halizidi hendo. Nikimwongezea kitu ni kifurushi cha hoho, na anakataa akiona ni kizito na sijawahi kumkasirikia. Wewe ulishawahi kusimama sokoni saa kumi alfajiri ukatafuta usafiri wa tenga moja? Ukishasimama ndio uje unifundishe haki.

Mtu wa Haki
Sijakusema wewe binafsi.

Dada Tunu wa Tandika
Umeandika "nyinyi", na mimi nimo.

Kibajaji
Dada Tunu yuko sawa. Anayetuua ni barabara na hesabu.

Baba Junior wa Kinyerezi
Kila kitu hesabu hesabu! Mnasahau nani alienda kukopa ile pikipiki. Mimi marejesho yana tarehe, nikichelewa hakuna anayeniambia pole baba. Halafu chombo kikikamatwa na mkaa usio na kibali mnazima simu, bosi ndio aende kuongea na watu wa misitu. Nimeshahangaikia chombo changu kituoni kwa gunia nne za lumbesa, zilizojazwa kupita mdomo, ambazo sikula hata senti yake.

Chanika One
Lumbesa tena imeingia wapi, hiyo ni kesi ya Wakala wa Vipimo na wenye magunia, boda anabeba anachopewa

Fundi Bomba
Hapana Chanika, lumbesa inahusu sana. Gunia likipachikwa kile kichwa cha wavu juu linapanda kimo, uzito unakaa juu, pikipiki ikiinama kidogo inataka kulala yenyewe. Gunia la kawaida lililoshonwa mdomo unalilaza vizuri. Mizigo ya lumbesa ndio inayovunja keria zangu kisha mnaniita mshamba.

Baba Junior wa Kinyerezi
Wewe ndio uliniita mshamba!

Mpare wa Mombo
Nyie wa Dar mnaongelea tambarare. Njooni mshuke Soni mpaka Mombo na viroba vya kabichi, kona juu ya kona. Breki ya nyuma ya hizi pikipiki ni ya drum, ukiikanyaga mfululizo inapata moto inakuwa kama imepakwa mafuta, unakanyaga hakuna kitu. Kijana anayejua anashuka na gia ya pili injini ndio imshike, breki anagusa na kuachia. Wale wanaozima injini wateleze kuokoa mafuta ndio tunaowaokota korongoni. Na huku tumeongeza meno spoketi ya nyuma, spidi inapungua lakini inapanda mlima bila kuunguza klachi. Bosi unayelia na pleti za klachi jaribu hiyo, ni bei ndogo kuliko klachi mpya.

Wafula_TransNzoia
Huku kwetu Kenya nduthi, yaani bodaboda, hubeba mitungi ya maziwa kuanzia asubuhi, mmoja kila upande na tunakaza na blada, ile mipira ya tyubu. Siri ni kwamba mitungi hukaa chini kando ya gurudumu, si juu ya kiti. Mtu akiweka yote juu hata mita mia hafiki kwa tope.

Mwana Pangani
Huyu wa Kenya amegusa penyewe. Kwetu pwani punda habebi mzigo mgongoni juu, anavishwa shogi, mzigo unaning'inia pande mbili. Mimi nimefanya hivyo hivyo kwenye pikipiki na sijui kwa nini watu hawaigi. Nilimpelekea mshona viatu turubai la lori lililochakaa, akakata mifuko miwili mirefu, akaiunganisha kwa mkanda mpana unaopita juu ya siti ya nyuma, pembe zote kashona mara mbili kwa uzi wa nailoni akaweka na vipande vya ngozi pale panapobeba. Ukiitandika, mifuko inafika usawa wa ekseli, mbele kidogo. Upande wa ekzosi lazima kuwe na kinga, mimi nimefunga kipande cha bati kwa waya na kimeachia nafasi ya vidole viwili hivi, bila hivyo turubai litaungua siku ya kwanza. Chini unatoboa matundu maji ya samaki yatoke. Nazi, samaki, mchele, vinakaa. Gharama yote haikufika robo ya keria ya fundi na hakuna bosi wa kulalamika kuhusu kuchomelea, ukimaliza kazi unaivua unaikunja.

MzeeWaMikungu
Mwana Pangani hii nimeipenda, ila mkungu wa ndizi mrefu unaingiaje kwenye mfuko?

Mwana Pangani
Hauingii mzima. Kata vichana ufunge na majani yake, kila upande uzito uwe sawa. Ukitaka mkungu mzima baki na keria.

MzeeWaMikungu
Wateja wangu wanataka mkungu mzima wahesabu wenyewe.

Mzee Semi
Tela mlisahau. Nimeona vijana wanachomelea tela la tairi moja au mbili wanalifunga nyuma ya keria kwa pini. Kwanza tela linatakiwa kusajiliwa kwa namba yake kama lilivyo la semi, hamjasajili, trafiki akikushika huna maelezo. Pili halina breki, ukifunga ghafla linakusukuma mgongoni. Tatu umepoteza faida ya pikipiki, huwezi kupita kati ya magari. Bora guta, na guta nalo mjue leseni ya tairi tatu ni daraja lingine.

Chanika One
Guta kwenye mchanga wa huku kwetu linazama matairi mawili kwa pamoja, nani alisukume? Boda anatafuta kanjia pembeni anapita. Ndio maana nasema anayetaka marufuku anakaa kwenye lami.

Mtu wa Haki
Mimi nakaa Gongo la Mboto na sio lami, acha kunikadiria. Sijasema marufuku, nimesema kiwekwe kipimo. Upana usizidi hendo, kimo kisizidi kichwa cha dereva, na abiria asipandishwe juu ya mzigo. Mshikaki juu ya gunia nimeuona kwa macho yangu, mtoto kakalia kiroba cha mchele hana pa kushika.

Kibajaji
Kipimo sawa, nakubali. Kwa hiyo Baba Junior, ikija sheria ya kipimo na keria ya miguu kama ya fundi, utaruhusu?

Baba Junior wa Kinyerezi
Hiyo shogi ya turubai naruhusu hata kesho, haigusi fremu. Keria bado hapana. Na anayebeba mzigo aongeze 2,000 kwenye hesabu maana chombo kinachakaa zaidi.

Kibajaji
Ahaa! Kumbe mzigo unautaka, unataka tu uwe wako. Sasa nijibu bila kuzunguka: kwenye mkataba wako tairi, cheni, oili, shokapu, vyote ni juu ya dereva au juu ya bosi?

Baba Junior wa Kinyerezi
Juu ya dereva. Kila mkataba ndio ulivyo, sijauanzisha mimi.

Kibajaji
Basi kinachochakaa nanunua mimi. Hiyo 2,000 ya kuchakaa inaenda kununua nini?

Dada Tunu wa Tandika
Mjibu kijana.

Fundi Bomba
Bosi jibu, tunasubiri.