Kolaji ya karatasi za kale inajikunja, wino unachuja. Nimekosea wapi?

MkasiMwepesi
Wadau, naomba ushauri. Kolaji, yaani picha ya vipande vya karatasi vya kubandika, ni ya sentimita 40 kwa 50 juu ya kadibodi: kurasa za daftari la hesabu la miaka ya 1890, bahasha, na vipande vya rangi kali. Gundi ni ile nyeupe ya mbao, imepunguzwa maji. Ikikauka kadibodi inapinda kama kigae, wino wa zambarau unatapakaa, kurasa zinakatika penye mikunjo. Niko Mombasa.

FundiWanga
Hiyo gundi iache, ikishakauka kipande hakibanduki bila kuchanika. Pika wanga wa ngano, sio unga wa chapati. Kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, moto mdogo, koroga dakika 25 bila kupumzika. Ikipoa pitisha kwenye chujio mara mbili, halafu ilegeze kwa maji hadi iwe kama mtindi.

Paka nyuma ya kipande, ngoja dakika moja au mbili kivimbe, ndipo ubandike. Ukikiwahi kitatanukia juu ya kadibodi na kufanya makunyanzi.

Kupinda kunatokana na kuvutwa upande mmoja. Bandika na nyuma karatasi ya uzito uleule, nyuzi zikielekea upande uleule, siku hiyohiyo. Kisha gandamiza kati ya karatasi za kufyonza maji, ubao na kilo 5 juu. Zibadilishe baada ya nusu saa, halafu acha hadi kesho.

BiNakshi
Zambarau ya enzi hizo mara nyingi ni anilini, rangi ya viwandani inayoyeyuka majini. Dondosha tone moja pembeni, ngoja sekunde 30, gandamiza karatasi nyeupe. Ikitoka rangi, skani ukurasa, chapa kwa wino wa pigmenti (usioyeyuka majini), ubandike nakala.

Kukatika ni suala la umri wa karatasi, ila si vile watu wanavyodhani. Za kabla ya 1850 hivi ni za matambara ya pamba na kitani, nyingi bado zinakunjika vizuri. Za baadaye ni za mbao na shabu, zina asidi. Zitie bitana ya karatasi nyembamba ya Kijapani kabla ya kukata, sio baada.

MkasiMwepesi
Ahsanteni. Wanga hauvuti wadudu?

FundiWanga
Unavuta, na kwa unyevu wa pwani huota kuvu. Kwa vipande vyembamba tumia methiliselulosi, gundi ya unga isiyo ya wanga, gramu 3 kwa mililita 100 za maji, ilale usiku mzima. Haishiki karatasi nzito.

RangiMbili
Usipake rangi juu ya ukurasa wa kale. Paka karatasi mpya ya pamba, ikauke, ndipo ukate. Msanii Mwingereza Mary Delany, aliyeanza maua yake ya karatasi mwaka 1772 akiwa na miaka 72, alikata karatasi zilizokwisha kutiwa rangi, akaongezea brashi kidogo tu.

Halafu angalia vipande vya kijani kikali vya karne ya 19, hasa vya karatasi za ukutani na majalada. Huenda vina aseniki, ambayo ni sumu. Usivipige msasa wala kuvilowesha, viweke kwenye mfuko wa plastiki na unawe mikono.

MkasiMwepesi
Kuna kimoja cha hivyo, nakitoa leo.