Goma inaishia wapi kama unataka kuhesabu watu wake?

mwana_birere (Goma)
Salamu kwenu wote. Niko nafanya memwari (kazi ya kumaliza masomo) juu ya maji mu Goma na nimekwama fasi moja tu, hesabu ya watu. Niliandika namba moja kwa ukurasa wa kwanza na ingine kwa ukurasa wa 12, zote nilizitoa kwa ripoti zenye mihuri, direkta wangu, mwalimu mwenye anaisimamia, akazikata zote mbili na kalamu nyekundu akaniuliza "Goma gani?" Nikamujibu Goma ni komini mbili, Goma na Karisimbi, basi. Akaniambia niende nisimame ku Munigi saa kumi na mbili asubuhi kesha nirudi.

Nilienda kweli. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinashuka toka Kibumba na mashu na viazi mpaka mwenye kuisukuma humuoni, pikipiki zinapita na watu wawili wawili, walimu, wajenzi, wamama wenye beseni kichwani, wote wanaingia muji na jioni wanarudi kulala kule. Na kule kwa karatasi haiko Goma, ni teritwari ya Nyiragongo, sheferi ya Bukumu. Nyumba hazikatiki hata, unavuka bila kujua umetoka komini. Sasa nauliza, mu inchi zingine leta (serikali) inafanyaka aje? Nani anaamua muji unaishia hapa, na kwa kipimo gani?

wa_nguba (Bukavu)
Ndugu, direkta wako amekushika fasi inauma na amefanya vizuri. Mimi nimefanya anketi za nyumba kwa nyumba miaka mingi na hii shida naijua, huku kwetu nayo ukipanda tu kidogo uko Kabare, teritwari ingine.

Marekani wako na ofisi ya bajeti ya Rais, OMB, njo inachora maeneo ya muji mukubwa na vitongoji vyake, walianza ku sensa ya 1950. Wanatafuta fasi yenye nyumba zimeshikana na watu wake wanafika 50,000, kaunti yenye kubeba ile fasi inakuwa ya katikati. Kesha wanaangalia kaunti za pembeni, na hapa njo kuna kitu kwako: kati ya watu wenye kazi wanaolala mu ile kaunti ya pembeni, ni wangapi wanaenda kutumika ku ile ya katikati? Wakifika 25 kwa mia, kaunti nzima inaingizwa. Hata kama 25 kwa mia ya kazi za ile kaunti ya pembeni zinafanywa na watu wanaolala ku ya katikati, inaingia pia. Mupaka wa jimbo hauwazuie, New York inahesabiwa na sehemu kubwa ya New Jersey. Kwa hiyo wao hawaulizi ukuta wako uko wapi, wanauliza unalala wapi na unatafuta mukate wapi. Ile yenye ulikuwa unaangalia ku Munigi asubuhi, wao njo wanaipima.

Na usifikiri ni mambo ya karatasi tu. OMB inaandika wazi kwamba haya maeneo ni ya statistiki, hayakutengenezwa kwa kugawa pesa, lakini wizara na programu zingine zinayatumia kugawa. Mwaka 2021 kulikuwa pendekezo wapandishe ile 50,000 iwe 100,000, miji 144 ingepoteza lile jina la muji mukubwa, wakuu wa miji midogo wakapinga sana, na mwaka ule ule pendekezo likaachwa.

wa_katuba (Lubumbashi)
Naongeza kitu moja mukubwa wa Nguba amepita mbio. Hii hesabu yote inategemea tofali unajengea, ni kusema kile kipande cha inchi unachohesabia. Marekani tofali ni kaunti na zingine ni kubwa ajabu, San Bernardino ya California ni kilomita za mraba 52,000 hivi, karibu mara mbili ya Rwanda nzima, inapita jangwa mpaka inagusa Nevada na Arizona, na yote kwa statistiki ni eneo la muji. Jangwa tupu! Huku kwetu Lubumbashi tuko na komini saba, sita ziko ndani na ya saba ni Annexe yenye inazizunguka, ukienda mu Annexe unakuta kartie mupya mabati yanangaa na mbele kidogo unakuta mashamba na makala, vyote "Lubumbashi". Lakini Kipushi, kilomita 30 hivi, watu wanaenda na kurudi kila siku, iko teritwari yake. Kwa hiyo mupaka wetu unaingiza mwenye kulima mahindi na unaacha mwenye kupanda basi kila asubuhi kuja kazi.

Na mu sheria yetu ya 2008 muji ni makao ya provensi ao fasi yenye watu 100,000 kwenda juu na vifaa vya wote, kesha Waziri Mukuu anatia sahihi. Hapo hakuna kuuliza nani anatumika wapi. Na sensa ya mwisho ni 1984, kwa hiyo hizo namba za ripoti zako ni makadirio, kila mutu amezidisha kwa njia yake.

mwana_birere (Goma)
Asanteni sana, nimeanza kuona. Lakini kwetu kuna ingine yenye inaniumiza kichwa kupita Munigi. Gisenyi, muji wa Rwanda wenye umeshikana na sisi. Mama mukubwa wangu anavuka barieri ndogo ya mupaka na jeton yake (karatasi ya kuvukia), anauza nyanya, jioni anarudi, na kuna watu wanafanya kinyume, wanalala kule na kutumika huku. Ku Birere kati ya nyumba ya Goma na nyumba ya Rwanda ni hatua za kuhesabu. Huyo naye nimuweke wapi?

wa_nguba (Bukavu)
Hapo angalia Ufaransa. Ofisi yao ya statistiki, Insee, tangu 2020 inatumia kitu wanaita eneo la mvuto wa muji, na tofali lao ni komini, ndogo sana kupita kaunti. Komini yenye 15 kwa mia ya wafanyakazi wake wanaenda kutumika ku muji, inahesabiwa ndani ya mvuto wake. Na wamekubali muji wenye kuvuta uwe hata ku inchi ingine: kuna komini za Ufaransa zinahesabiwa ku mvuto wa Genève, zingine Luxembourg. Lakini Insee inahesabu upande wake tu, haiongezi watu wa Uswisi. Mama mukubwa wako analala Goma, anahesabiwa Goma, ile kuvuka kwake unaiandika pembeni kama mwendo, usiipoteze maana maji anayokunywa mchana ni ya kule.

Na kama huna namba za mwendo, kuna njia ya viraba. Umoja wa Mataifa uliikubali Machi 2020: unagawa inchi kwa viraba vya kilomita moja kwa moja, vyenye vimeshikana na kila kimoja kiko na watu 1,500 kwenda juu, vikifika watu 50,000 pamoja, huo ni muji, komini hazikuhusu. Uzuri wake Munigi haiwezi kukutoroka. Ubaya ni kwamba bila sensa watu wanagawanywa kwa viraba kufwatana na majengo satelite inaona, na jengo haliseme ndani wamelala wangapi. Mimi nimeingia nyumba ya vyumba viwili ku Kadutu nikakuta watu 14.

wa_katuba (Lubumbashi)
Kwa memwari yako ya maji ningefanya hivi, komini mbili peke yake, kesha Munigi na Kibati, zote za Nyiragongo, kwa mustari wao, kila mustari unasema namba ni ya mwaka gani na nani alikadiria. Direkta hatakata.

mwana_birere (Goma)
Nitafanya hivyo, na nitarudi Munigi siku tatu nihesabu wenye kuingia. Imebaki Sake, sijui niiache nje ao.

tulia_sake
Mimi niko Sake, ni kilomita 25 hivi mpaka Goma. Kwetu wenye kazi tuko wane, wawili tunashuka Goma kila asubuhi, mumoja analima, mumoja anauza hapa hapa. Lakini majirani wa upande wa kilima hawashukaki, wao ni shamba tu. Ukitaka nitauliza avenyu yetu nzima juma hii, nyumba kama 40, nikuletee wangapi wanatumika wapi.