Babu yangu huwamba ngoma kwa sikio: je, hiyo ni sayansi, ufundi au sanaa?

Mwanafunzi wa Kisesa ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, nasoma Fizikia, Kemia na Hisabati, na nyumbani kwetu ni Kisesa, si mbali na makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Babu yangu ni fundi wa ngoma. Tangu utotoni nimemtazama akichonga kigogo, akiloweka ngozi ya ng'ombe, akiiwamba na kuikaza kwa mambo, yaani vigingi vidogo vya mti. Kisha, kabla ya wachezaji kuingia uwanjani, huwasha nyasi kavu, akaipasha ngoma moto huku akiigonga kwa vidole na kuitegea sikio. Hana kipimo kingine chochote, na akishasema kwamba imeiva, hakuna mpigaji anayebisha.

Muhula huu tumesoma mada ya mawimbi. Mwalimu alipoandika ubaoni kwamba mlio wa uzi hutegemea urefu wake, mkazo wake na uzito wake, nilimwona babu pale ubaoni. Nilipomweleza mwenzangu ninayekaa naye dawati moja, alinijibu kwamba babu anafanya sanaa na sisi tunasoma sayansi, na kwamba mambo hayo mawili hayakutani ila katika hotuba. Neno hilo limenikaa moyoni, kwa sababu naona tunagawanywa mapema mno: anayejua hesabu huambiwa aache kuchora, na anayechora huambiwa kwamba hesabu si fungu lake.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Kwanza, anachokifanya babu tukiite nini? Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, nikishaijua kanuni ya mlio, je, nitaendelea kuisikia ngoma kama nilivyoisikia nilipokuwa mdogo?

Mwalimu wa Fizikia, Nyegezi, amejibu:

Marahaba kijana wangu. Nianze kwa kukuonya kwamba ngoma ni ngumu kuliko uzi uliousoma darasani. Uzi unapotetema, pamoja na sauti yake kuu hutoa sauti nyingine ambazo idadi ya mitetemo yake ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile kuu, na kwa kuwa zinapatana, sikio husikia noti moja safi. Ngozi iliyowambwa kwenye duara haifanyi hivyo: sauti zinazoifuata ile kuu huwa takriban mara 1.59, mara 2.14, mara 2.30, na hesabu hizo hazipatani. Ndiyo maana ngoma nyingi hutoa kishindo kizuri bila kuimba noti iliyo wazi.

Mafundi wa India walilitatua jambo hilo zamani sana. Wale wanaotengeneza tabla, ngoma ya kwao inayopigwa kwa mikono, hubandika katikati ya ngozi duara jeusi la uji mzito uliokaushwa tabaka juu ya tabaka, na uzito huo wa ziada huzivuta zile sauti mpaka zikaribie kupatana kama za uzi. Mwaka 1920 mwanafizikia C. V. Raman, pamoja na mwenzake, alichapisha maelezo ya jambo hilo katika jarida la Nature. Mwaka uliofuata, akiwa safarini melini, aliitazama bahari akajiuliza kwa nini ni ya buluu, hakuridhika na jibu la kwamba maji huakisi tu rangi ya mbingu, na uchunguzi wake wa namna mwanga unavyotawanyika ulimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930. Mtu yule yule aliyeisikiliza ngoma ndiye aliyeyatazama maji.

Hata hivyo sitakubali kumwita babu yako mwanasayansi, na ninasema hivyo kwa heshima yote. Sayansi inamtaka mtu aandike alichokiona kwa namna ambayo mgeni asiyemjua anaweza kukirudia na, ikibidi, kukikanusha. Maarifa ya babu yako ni kamili, ila yamo mikononi na masikioni mwake. Unajua kwa nini moto hupandisha mlio? Ngozi ikikauka hujikunja, kwa hiyo mkazo unaongezeka, na wakati huo huo hupoteza maji na kuwa nyepesi; mambo yote mawili huvuta upande mmoja. Lakini ukitaka idadi ya mitetemo iongezeke mara mbili, mkazo peke yake ungepaswa kuongezeka mara nne, jambo linaloweza kuichana ngozi kabla hujafika. Babu anaujua mpaka huo bila kuuandika. Wewe unayesoma ndiye unayeweza kuuandika.

Mstaafu wa uvuvi, Mwanza, amejibu:

Mjukuu wangu, mwalimu amekujibu vema kuhusu swali la kwanza. Mimi nataka nikae kwenye lile la pili, kwa sababu nimelibeba maisha yangu yote kazini.

Nilipokuwa kijana niliwapenda furu kwa sababu moja tu, kwamba ni wazuri. Ziwa hili la Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki hao wadogo, na madume yao yalivaa nyekundu, buluu, njano na nyeusi kana kwamba yanakwenda harusini. Kuna jamaa wawili wanaoishi kwenye miamba ya visiwa vya hapa Mwanza ambao wataalamu wamewapa majina yanayotuhusu: mmoja anaitwa Pundamilia pundamilia, mwenye rangi ya buluu, na mwingine ni Pundamilia nyererei, mwekundu mgongoni, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Ukiwaweka majike yao pamoja, hata mtaalamu hupata shida kuwatenganisha. Wao wenyewe hawapati shida, kwa sababu jike huchagua dume kwa rangi.

Sasa fikiri kuhusu mwanga. Maji ya ziwa letu yana chembechembe nyingi, na mwanga wa buluu hupotea mapema unapoingia humo, hivyo kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unaobaki unavyoelemea wekundu. Yule mwekundu huishi chini zaidi kuliko yule wa buluu, na macho ya kila mmoja yamezoea mwanga wa mahali pake. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba pale maji yanapochafuka kwa mbolea, udongo na taka, rangi hazionekani vizuri, majike hushindwa kutofautisha madume, na aina mbili huanza kuzaliana hadi mpaka kati yao unafutika. Sangara aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 aliwala furu wengi mno, hilo kila mtu analijua. Kwamba giza la maji nalo huwapunguza kwa kuwaficha uzuri wao, hilo wengi hawajalisikia.

Nilipolijua jambo hilo, sikuacha kuwaona furu kuwa wazuri. Niliacha kuuona uzuri wao kama pambo. Hadi leo nikivuka kwa kivuko nikaona maji ya kijani kizito kando ya mji, moyo huniuma kwa namna ambayo nisingeijua kama ningebaki na macho ya ujana peke yake. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hutaisikia ngoma kama zamani, na usiogope.

Mchoraji wa mabango, Kirumba, amejibu:

Mdogo wangu, mimi nitasema kwa ufupi. Ninaandika majina kwenye mitumbwi na kwenye kuta za maduka. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli, na ule mng'ao tunaouita mtindo wake umetokana kwa sehemu kubwa na kopo alilolipata dukani. Kiwanda kilikuwa ndani ya picha tangu mwanzo. Mimi mwenyewe, tangu nilipojua kwamba rangi nyekundu za bei ndogo huvunjwavunjwa na jua kabla ya nyingine, siandiki tena jina la mtumbwi kwa nyekundu bila mstari mweusi pembeni.

Mwanafunzi wa Kisesa ameongeza:

Nawashukuru sana. Jumamosi niliweka simu yenye programu ya kupima mlio karibu na babu alipokuwa akipasha ngoma mbili, kubwa na ndogo. Mlio ulipanda kama mwalimu alivyosema. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba babu aliiondoa ngoma kubwa motoni wakati mlio ulikuwa bado unapanda. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba kubwa haikazwi kwa ajili yake yenyewe, inakazwa mpaka ndogo iweze kuijibu. Nimenunua daftari la mistari, nimeandika vipimo vya ngoma zote mbili, na nitarudia siku ya mvua. Mwalimu, naomba uniambie niandike nini kingine zaidi ya mlio: upana wa ngozi, muda wa moto, au kuna jambo ninalolisahau?