Modeli ya maktaba: mbao, akriliki au printa ya 3D?

Kuba_Moja:
Wakuu, salamu. Nipo kwenye kamati inayotafuta modeli ya jengo la maktaba ya umma, ya kuwekwa ukumbini. Mafundi watatu wameleta mapendekezo. Wa kwanza anatumia mbao tupu bila rangi. Wa pili akriliki (ile plastiki ngumu kama kioo) na kadibodi, yote nyeupe. Wa tatu atachapa vipande kwa printa ya 3D, kisha avipake rangi vifanane na jengo lenyewe. Bei hazipishani sana. Tunaamua Ijumaa. Mngechukua ipi?

Mzee_wa_Randa:
Mbao. Hakuna mjadala.

Nusu_Mili:
Mjadala upo. Hujasema skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko jengo, hujasema jengo lina ukubwa gani, hujasema watu watalitazama kwa karibu au wakipita tu. Hapo umeingia kwa fundi cherehani ukauliza nguo ipi nzuri, na mvaaji hatumjui.

Kuba_Moja:
Samahani mkuu. Jengo lina urefu wa mita 84, ghorofa mbili, nguzo sita mbele na kuba katikati. Skeli sikuuliza. Wote walisema "itaenea mezani".

Nusu_Mili:
Basi kila mmoja ana meza yake kichwani! Kwa 1:200 jengo lako ni sentimita 42, na mtu wa mita 1.7 akisimama mlangoni ana milimita 8.5. Kwa 1:100 ni sentimita 84. Kwa 1:50 ni sentimita 168, hapo hata vitasa vya milango vitadaiwa. Chukua ngazi tu: kidato cha sentimita 15 kwa 1:100 ni milimita 1.5. Unatafuta kadibodi ya unene huohuo, unapanga tabaka juu ya tabaka, ngazi imekwisha. Lakini bomba la reli la sentimita 3 linakuwa milimita 0.3. Hilo hachongi mtu kwa mbao, labda aweke waya. Kaulize skeli kwanza.

Mzee_wa_Randa:
Kwa mbao huchongi kila kitu, unaacha. Huo ndio ufundi. Michelangelo alipotaka kuonyesha kuba la kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma alitengenezewa modeli ya mbao, 1558 hadi 1561, na bado ipo. Nionyesheni plastiki ya umri huo.

Leza_Tu:
Plastiki yenyewe haijafika umri huo mzee, utaonyeshwa nini?

Sina_Haraka:
La akriliki niachieni mimi, maana lilinitoa jasho. Nilitengeneza modeli ya jengo la mahakama, kuba la akriliki angavu ili watu waone ukumbi ndani. Kazi ilikwenda vizuri hadi usiku wa mwisho. Nikagundua pete ya chini ya kuba inacheza. Nikatia supaglu, matone manne tu, nikafunika, nikalala. Asubuhi kuba lina ukungu mweupe kwa ndani, kama kioo cha bafuni. Nikafuta kwa kitambaa kwa nje, nikijua fika kwamba uchafu uko ndani. Supaglu inatoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unaganda juu ya plastiki. Kulifikia ilibidi ning'oe paa. Paa likaondoka na nguzo tatu. Nilikabidhi kazi siku mbili baadaye, nguzo moja ina kiraka ambacho hadi leo naweza kukuonyesha nikiwa nimefumba macho. Aliyeagiza aliniuliza kwa upole kama jengo limewahi kuungua.
Kwa hiyo muulize huyo wa akriliki anaunga kwa gundi gani. Akikwambia supaglu kila mahali, mshukuru uondoke. Gundi ya kuyeyusha ukingo wa plastiki uungane ndiyo yake, na hewa ipite.

Mzee_wa_Randa:
Nilisema mbao.

Karatasi_Tupu:
Mbao nayo inapumua. Unyevu ukipanda inatanuka kukatiza nyuzi, ukishuka inanywea. Ukuta mrefu ukiugandisha kwenye ubao wa chini pande zote, siku moja utausikia unalia. Kwanza modeli itakaa wapi hasa?

Kuba_Moja:
Chini ya dirisha kubwa, jua la mchana linapiga pale. Na itakuwa inabebwa kwenye maonyesho mara kwa mara. Nilisahau kusema.

Karatasi_Tupu:
Ulisahau!

Leza_Tu:
Mimi ni mtu wa mashine lakini hapo nakuwa mkweli. Kama huyo wa 3D anachapa kwa PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, ile inalegea kwenye nyuzijoto 60 hivi. Kisanduku cha kioo juani plus taa ndani, usicheze. Na kuba lina kasoro yake: pembeni tabaka hazionekani, lakini kileleni, pale linapolala, zinatokeza kama kontua za ramani. Muulize kama anapiga msasa na praima, au rangi ndiyo ya kuficha.

Mzee_wa_Randa:
Hata hivyo printa na leza si kazi ya mkono.

Leza_Tu:
Msumeno wa umeme je? Modeli kubwa ya msanifu Christopher Wren ya kanisa la Mtakatifu Paulo la London, ya 1673 na 1674, ina urefu wa zaidi ya mita 6, na hakushika randa yeye, walitengeneza maseremala. Tuiite ya nani?

Sina_Haraka:
Na usanifu ule ukakataliwa. Modeli nzuri haikumsaidia.

Nusu_Mili:
Tunatoka nje ya mada. Kuba_Moja, ubao wa chini umepangwa kutoka nje ya jengo kiasi gani kila upande? Na mlango wa ukumbi una upana gani?

Kuba_Moja:
Mlango?

Karatasi_Tupu:
Itabebwa kwenye maonyesho, umesema. Itapitia dirishani?

Kuba_Moja:
Naenda na futi sasa hivi. Wa mbao amejibu, anasema 1:100. Yule wa 3D anauliza kama tunataka na miti.

Mzee_wa_Randa:
Miti usiweke kabisa. Inakula jengo.

Sina_Haraka:
Weka michache, ya waya mtupu. Bila mti mtu hajui jengo ni kubwa kiasi gani.

Leza_Tu:
Si kuna yule mtu wa milimita 8.5?

Nusu_Mili:
Huyo ni wa 1:200. Kwa 1:100 ana 17.