Salfeti ya chuma(II) imegeuka kahawia, inaokoleka?

BuretiTupu: Wakuu, nimeyeyusha gramu 6.95 za salfeti ya chuma(II), ile yenye molekuli 7 za maji, nikapata sm³ 250 za 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). Juzi ilikuwa kijani hafifu, leo njano na tope la kahawia chini. Chupa ilifungwa vizuri. Nikitia asidi sasa itarudi?

Mashapo: Hairudi. Asidi italiyeyusha tope na mmumunyo utaonekana safi, lakini chuma chake kimeshaoksidishwa kuwa chuma(III). Tia tone la thayosayaneti ya potasiamu uone, rangi itakuwa nyekundu kama damu. Na kufunga chupa peke yake hakutoshi; oksijeni imo ndani ya maji yenyewe.

Anza upya. Chemsha maji yaliyokenekwa dakika 10, yafunike yapoe. Mimina kwanza sm³ 50 za asidi ya salfuriki 1 M, ndipo utie chumvi, kisha jaza hadi alama. Usigeuze mpangilio huo.

KijaniHafifu: Wengine hutumbukiza msumari safi. Kwa kutambua ayoni ni sawa, maana unarudisha chuma(III) kuwa chuma(II). Kwa titresheni, yaani kupima ukolezi kwa bureti, usithubutu: msumari nao unayeyuka, ukolezi unapanda. Tena unatoa haidrojeni, kwa hiyo kifuniko kisikazwe.

Mashapo: Kweli. Kwa titresheni tumia chumvi ya Mohr (salfeti ya chuma(II) na amonia), gramu 9.8 kwa ujazo huohuo, nayo kwenye asidi ya salfuriki. Asidi ya haidrokloriki hapana, pamanganeti unayotitresha nayo itakula kloridi na usomaji wa bureti utazidi.

BuretiTupu: Nimeelewa. Na kloridi ya bati(II)? Nikiongeza maji tu inakuwa kama maziwa.

KijaniHafifu: Maji yamewahi kabla ya asidi. Gramu 2.26 ziyeyushe kwanza kwenye sm³ 10 za asidi ya haidrokloriki kolezi, pasha kidogo hadi iwe angavu kabisa, ndipo uongeze maji kufikia sm³ 100. Acha kipande cha bati ndani ya chupa.

Mashapo: Asidi ifuate chumvi yake. Nitrati ya risasi inataka asidi ya nitriki kidogo. Ukiipa ya salfuriki, risasi yote inashuka chini ikiwa unga mweupe. Ila usiipe chuma(II) wala bati(II) ya nitriki, itavioksidisha.

BuretiTupu: Nitrati ya fedha je?

KijaniHafifu: Hiyo adui yake ni mwanga. Chupa ya kahawia, kabatini. Ikiwa na ukungu mweupe tangu mwanzo, maji yako yana kloridi.