Tupeane uzoefu: PCOS, vidonge tunavyomeza na kazi ya kila kimoja

Mkaazi wa Bombo:

Dada zangu, nawasalimu nyote kutoka Bombo, Uganda. Nina miaka 31, nimeolewa mwaka wa sita sasa, na kwa miaka minne nimekuwa nikitibiwa PCOS, ile hali ambayo homoni za kiume huzidi mwilini mwa mwanamke, mayai hayapevuki kwa mpangilio, na mara nyingi ovari huonekana kwenye altrasaundi zikiwa zimejaa vifuko vidogo vidogo. Naomba tupeane uzoefu wa dawa na virutubisho, ila kwa sharti moja: kila anayetaja kidonge aseme alikimeza kwa ajili ya nini, kwa dozi gani, kwa muda gani, na ni jambo gani ambalo hakikulibadilisha. Nimechoka kusoma majibu ya "mimi nilitumia hiki nikapona". PCOS haina kidonge kimoja cha kuiponya. Ipo dawa ya kurudisha hedhi, ipo ya insulini, ipo ya ndevu na chunusi, na ipo ya kupevusha yai, na mwanamke anayemeza ya ndevu huku akisubiri mimba anapoteza miaka yake.

Nianze mimi. Nilikaa miezi saba bila kuona hedhi, na kliniki ya kwanza niliyokwenda ilinipa bahasha ya vidonge vyeupe isiyoandikwa jina la dawa, nikaambiwa vitasafisha kizazi. Damu ilitoka siku tano, nikafurahi, kisha nikakaa miezi mitano mingine. Daktari wa pili ndiye aliyenieleza kwamba huenda vile vilikuwa projestini, dawa ya homoni iliyo halali kabisa ambayo hutolewa kwa siku kumi hivi ili utando wa ndani wa mji wa mimba utoke. Nilichonyimwa ni maelezo: kwamba mwanamke akipitisha siku 90 bila hedhi, na hali hiyo ikajirudia mwaka baada ya mwaka, utando ule huzidi kuwa mnene na hatari ya saratani ya mji wa mimba huongezeka. Jambo hilo sikuwahi kulisikia kwa ssenga, yaani shangazi yangu, wala kwa mawifi zangu, ambao mazungumzo yao yote yalikuwa juu ya mtoto. Neno walilolinong'ona, mgumba, nililielewa vizuri kwa Kiswahili na kwa Kiganda pia.

Daktari huyo alinipima bila haraka. Alinieleza kwamba tangu mwaka 2003 madaktari hutazama mambo matatu, yaani hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi, na mtu akiwa na mawili kati ya hayo, baada ya magonjwa mengine kama ya tezi ya shingo na ya prolaktini, homoni ya maziwa, kuchunguzwa na kuondolewa, basi ni PCOS. Kisha akaniomba nifungue mtandio akaniangalia kisogo. Pale nyuma ya shingo palikuwa peusi, ngozi nene kama mahameli, nami kwa miaka nilikuwa nikipasugua kwa dodoki na sabuni ya mche mpaka panawaka, nikidhani ni uchafu, na shuleni niliwahi kuaibishwa kwa ajili yake mbele ya darasa zima. Kumbe ilikuwa alama ya insulini kuzidi. Mwili ukiwa mgumu kuitikia insulini, kongosho hutoa nyingi zaidi, na insulini hiyo huzichochea ovari kutengeneza testosteroni, homoni ya kiume.

Ndipo nikaandikiwa metformini, dawa ya sukari inayousaidia mwili kuitikia insulini. Mhudumu wa duka la dawa aliniambia nimeze gramu moja asubuhi na gramu moja jioni kuanzia siku ile ile, na siku ya pili nilishuka kwenye teksi njiani kabla ya kufika Kawempe kwa sababu tumbo halikunipa nafasi. Nililitupa boksi. Miezi mitatu baadaye daktari alinianzisha upya: miligramu 500 baada ya chakula cha jioni kwa wiki nzima, kisha 500 nyingine asubuhi, hadi nikafika 1,500 kwa siku, na tumbo likatulia. Vidonge vina harufu kama ya samaki. Si kwamba vimeharibika, ndivyo vilivyo. Mwezi wa tano wa dawa hedhi ilirudi, na sasa huja kila baada ya siku 35 hadi 40. Uzito ulipungua kilo tatu tu. Ndevu za kidevuni hazikuguswa hata moja.

Pamoja na metformini natumia kirutubisho kiitwacho inositoli gramu nne kwa siku, vitamini D kwa kuwa yangu ilipimwa ikawa chini, asidi foliki mikrogramu 400, na vitamini za nywele kwa sababu nywele za utosini zinapukutika. Kinachonisumbua ni vipimo vya mwezi uliopita: testosteroni imepanda kuliko mwanzo, na homoni inayoiamuru tezi ya shingo, iitwayo TSH, imeshuka chini ya kiwango, ilhali hedhi ni nzuri na sijisikii mgonjwa. Daktari mwenyewe ameshangaa, anafikiria kunituma kwa bingwa wa homoni. Kama yupo aliyepitia haya, anieleze.

Mfanyabiashara wa Busia:

Nashukuru kwa sharti uliloweka, nami nitalifuata. Mimi sikuwa natafuta mtoto. Ninao wawili, niliowapata kabla hali hii haijakomaa. Shida yangu ilikuwa ndevu na chunusi za taya, na hedhi inayokuja mara tatu kwa mwaka kwa damu nyingi ya kuogopesha. Nilipewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, kimoja kila siku. Nilikataa mwanzoni, kwa kuwa hapa mpakani tunaambiana kwamba vidonge hivyo ndivyo vinavyoharibu kizazi, hadi muuguzi mmoja alipokaa nami akanifafanulia kwamba estrojeni, homoni ya kike iliyomo, hulifanya ini litoe zaidi ile protini inayoishika testosteroni isizurure ovyo mwilini, na projestini iliyomo huulinda mji wa mimba.

Mama mkwe aliviona vidonge kwenye mkoba wangu na akaitisha kikao cha ukoo. Sikumlaumu; alichojua ni kwamba mke wa mwanawe anazuia watoto kwa siri. Nilikwenda naye kliniki, akaelezwa na yule yule muuguzi kwa Kisamia, na tangu siku hiyo ndiye anayenikumbusha saa tatu usiku. Ninachotaka kuwaambia wenzangu ni kuhusu muda. Chunusi zilipungua mwezi wa tatu, ila ndevu zilihitaji zaidi ya miezi sita kabla sijaona tofauti, na hata hapo hazikuisha, zilianza tu kuota nyembamba na taratibu. Mwaka wa pili nikaongezewa spironolaktoni, dawa inayozuia homoni za kiume, miligramu 50, kwa onyo kali kwamba nisiitumie bila kinga ya mimba, kwa maana inaweza kuvuruga maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Dada yeyote anayetafuta mtoto asiguse dawa hiyo kwa kuazimwa na jirani.

Na mwenye shinikizo la damu, au aliyewahi kuganda damu miguuni, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mianga, aseme kabla hajapewa vidonge vya homoni mbili. Mimi walinipima shinikizo kwanza. Rafiki yangu hakupimwa, wala hakujua kwamba angeweza kuomba apimwe.

Mama wa Nakivale:

Yangu ni fupi. Mimi ni Mkongomani, naishi hapa kambini. Niliandikiwa metformini kwa sababu ya sukari iliyoanza kupanda, na kwa kuwa nilishaambiwa kwamba PCOS ni utasa, sikutumia kinga yoyote. Hakuna aliyenieleza kwamba metformini inaweza kurudisha upevukaji wa yai kimya kimya, hata kabla hedhi haijawa ya kawaida. Mtoto huyo ana miaka miwili na ninampenda, lakini mimba ilinikuta sina maandalizi yoyote, wala asidi foliki sijawahi kuimeza. Waelezeni mabinti wenu kwamba PCOS si kinga ya mimba.

Mwalimu wa Koboko:

Nimesoma kwa makini, na nitaeleza upande wa kutafuta mtoto, kwa kuwa ndio nilioupitia kwa miaka mitano. Nilipewa kwanza klomifeni, dawa ya kupevusha yai, miligramu 50 kwa siku tano za mwanzo wa mzunguko, mizunguko minne, bila altrasaundi hata moja, kwa hiyo hadi leo sijui kama yai lilipevuka au la. Nilikuwa nikisafiri hadi Arua kuchukua vidonge, narudi, nasubiri, nalia, naanza tena. Daktari niliyempata baadaye alinibadilishia letrozoli, nayo ya kupevusha yai, miligramu 2.5, siku ya tatu hadi ya saba, akasema kwamba kwa wenye PCOS ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza siku hizi, kutokana na utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2014 juu ya wanawake 750, ambao waliotumia letrozoli walijifungua asilimia 27.5, na waliotumia klomifeni asilimia 19.1. Nilipenda kupewa namba. Namba zilinifundisha kwamba hata dawa iliyo bora iliwaacha wengi bila mtoto, na kwamba kushindwa kwangu kwa mzunguko mmoja si kosa langu.

Jambo lililotaka kuvunja nyumba yangu ni karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi. Mume wangu aliisoma usiku kwa mwanga wa simu, akaona imeandikwa kwamba dawa hii ni ya saratani ya matiti. Hakuniuliza kitu. Kwa siku tatu alikuwa akinipikia chai mwenyewe, akinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, hadi nilipomkuta ameketi nyuma ya jiko anafuta machozi. Ni kweli letrozoli ilitengenezwa kwa ajili ya saratani hiyo, kwa kuwa inapunguza estrojeni. Lakini ikitumiwa siku tano tu, ubongo huona estrojeni imeshuka na kuamuru ovari ilee yai. Laiti daktari angelisema sentensi hiyo moja mbele yetu sote wawili, tusingepata siku zile tatu.

Nilipata mimba kwenye mzunguko wa tatu, altrasaundi ya siku ya 12 ikiwa imeonyesha yai moja linalokua. Iliharibika wiki ya tisa. Nimepumzika, na mwezi huu nimeanza tena. Mume wangu naye amepimwa mbegu, jambo ambalo lilipaswa kufanywa kabla sijameza kidonge cha kwanza, na yuko salama.

Binti wa Arua:

Naomba kuuliza kuhusu inositoli na uwatu. Bibi yangu, ambaye ni Mnubi, hunichemshia uwatu kila asubuhi, na mimi nimeanza metformini wiki mbili zilizopita. Je, niache kimoja?

Mkaazi wa Bombo:

Mdogo wangu, usimfiche bibi dawa yako wala usimfiche daktari uwatu wa bibi. Uwatu nao hushusha sukari, kwa hiyo anayekuandikia dozi anahitaji kujua kwamba unaunywa, hasa ukiamka na kizunguzungu au jasho jembamba. Kwa inositoli nitakueleza kwa haki: naichota kwa kijiko cha chai, unga mweupe wenye utamu kidogo, asubuhi na jioni kwenye maji, na haijawahi kunisumbua tumbo. Lakini nilianza nayo mwezi ule ule nilioanza metformini, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba imefanya kazi yoyote, na madaktari wenyewe wanasema ushahidi wake bado ni mdogo ingawa madhara yake ni machache. Kopo la mwezi mmoja huko Kampala limenigharimu shilingi 180,000, ilhali metformini ya mwezi mzima haifiki elfu ishirini. Ukiwa na fedha ya kimoja tu, nunua kile kilichoandikwa na daktari. Na katika Ramadhani mimi huhamishia dozi kwenye futari na daku, baada ya kumuuliza daktari kabla mwezi haujaandama.

Wa Maabara, Jinja:

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka tisa, na nimejiunga kwa sababu ya vipimo vya dada wa Bombo. Naomba uangalie hilo kopo la vitamini za nywele. Nyingi zina biotini, aina mojawapo ya vitamini B, kwa wingi mno, na mashine nyingi za kupima homoni hutumia biotini hiyo hiyo ndani ya kipimo chenyewe ili kunasa kile kinachotafutwa. Damu ikiwa imejaa biotini ya kopo, kipimo hudanganyika: kwa namna kipimo cha testosteroni kinavyofanya kazi jibu linaweza kutoka juu kuliko hali halisi, na kwa namna cha TSH kinavyofanya kazi likatoka chini. Hayo mawili kwa pamoja, kwa mtu asiye na dalili, ndiyo yaliyonifanya niandike. Mashine si zote ziko hivyo, basi uliza maabara wanatumia ipi. Wenzetu husubiri angalau siku mbili hadi tatu baada ya kuacha biotini, na zaidi ikiwa dozi ni kubwa, kisha hupima upya.

Jambo jingine dogo: anayemeza metformini kwa miaka aombe kupimwa vitamini B12, kwa maana dawa hiyo huipunguza taratibu, na ganzi ya vidole huja kabla mtu hajajua chanzo chake.

Mkaazi wa Bombo:

Kaka au dada wa Jinja, nimelitoa kopo kabatini nikalisoma kwa tochi, maana maandishi ni madogo kama mchanga. Biotini mikrogramu 10,000 katika kila kidonge. Asubuhi ya kutolewa damu nilikimeza pamoja na chai, kama kawaida yangu, na fomu ya maabara haikuwa na sehemu ya kuuliza virutubisho. Nimempigia daktari leo, naye amekubali kusitisha barua ya kwenda kwa bingwa. Nimeacha kopo hilo tangu jana, na damu itachukuliwa tena Alhamisi ijayo, pamoja na ya B12.